Maisha ya Louis Pasteur na Kichaa cha Mbwa

Mwaka huu mlezi wa Chama chetu cha Kiswahili alituagiza tuandike maisha ya mtu mashuhuri aliyeaga dunia zamani. Wenzangu wengi walikimbilia mashujaa wa hapa kwetu, na wawili nusura watoane macho kwa sababu kila mmoja alitaka kuandika juu ya Mekatilili wa Menza. Mimi niliwaachia. Nimemchagua Mfaransa mmoja ambaye watu wa hapa wengi hawamjui ila kwa neno gumu lililoandikwa kwenye pakiti za maziwa. Sababu yangu ni mbwa, na ngoja niwaeleze.

Mwaka jana likizo ya Agosti, mdogo wangu wa miaka saba aling'atwa na mbwa mguuni akitoka kuteka maji. Mbwa mwenyewe hakuwa wa mtu tunayemjua. Alitokea njiani tu, mate yakimchuruzika, akamng'ata mtoto bila kuchokozwa, kisha akaenda zake na hatukumwona tena. Pale nyumbani kila mtu alikuwa daktari. Jirani mmoja alikuja na pilipili ya kusaga, ati ipakwe kwenye kidonda. Mwingine alishikilia mafuta ya taa. Shangazi naye akataka manyoya ya mbwa huyo yachomwe na majivu yake yabandikwe pale palipong'atwa, lakini huyo mbwa tungempata wapi? Mama hakubishana na mtu. Alichukua kipande cha sabuni na ndoo ya maji akaosha kile kidonda mpaka mtoto akachoka kulia. Asubuhi yake baba alimpeleka kwenye matibabu, akaambiwa dawa imekwisha, ajaribu kwingine. Alikojaribu kwingine ilikuwepo, ila ni ya kununua. Tuliuza mbuzi wawili. Mtoto alidungwa sindano tano kwa muda wa mwezi mmoja, na kila alipochelewa kuamka asubuhi, mama alikuwa akimwendea kitandani kumshika paji la uso.

Yuko mzima hadi leo, tena mtundu kuliko zamani. Lakini mimi nilibaki na swali. Huyo aliyetengeneza dawa hiyo ni nani, na aliijuaje?

Louis Pasteur alizaliwa tarehe 27 Desemba 1822 katika mji mdogo wa Dole, mashariki mwa Ufaransa. Baba yake alikuwa askari katika jeshi la Napoleon, na vita vilipokwisha akarudia kazi ya kutengeneza ngozi. Mnajua harufu ya ngozi mbichi ikilowekwa? Basi Louis alikulia ndani ya harufu hiyo. Baadaye jamaa hiyo ilihamia mji wa Arbois, na huko ndiko alikosomea shule.

Msidhani alikuwa hodari wa darasa tangu mwanzo. Alichopenda sana ni kuchora. Aliwachora baba yake, mama yake na majirani kwa chaki za rangi, na picha hizo ziko mpaka leo. Alipopelekwa Paris kusoma, bado kijana mdogo, alishikwa na hamu ya nyumbani hata baba yake akaenda kumrudisha. Na kwenye mtihani wake wa sayansi wa mwaka 1842, somo la kemia, lile lile lililokuja kumpa jina, alipata alama za wastani tu. Nimeyaandika haya makusudi kwa sababu kuna watu katika darasa letu, siwataji, ambao matokeo ya muhula wa kwanza yaliwafanya watake kuiacha kemia kabisa.

Kuna jambo moja la utotoni mwake ambalo nililisoma mara mbili. Mwaka 1831, Louis akiwa na miaka minane, mbwa mwitu mwenye kichaa alishuka kutoka milimani akawauma watu wa sehemu za Arbois. Dawa ya siku hizo ilikuwa moto. Aliyeumwa alipelekwa kwa mhunzi, chuma kikatiwa ndani ya makaa mpaka kikawa chekundu, kisha akachomwa nacho pale kwenye jeraha. Louis alishuhudia mtu akichomwa hivyo. Hata hivyo watu kadhaa walikufa. Niliposoma hapo niliikumbuka ile pilipili ya jirani yetu, nikaona kwamba binadamu ni mmoja, awe Mfaransa au Mgiriama. Akikosa dawa huleta chochote kinachowasha.

Pasteur aliingia chuo kikubwa cha ualimu cha Paris mwaka 1843, akawa mtu wa kemia. Mwaka 1849 alimwoa Marie Laurent, binti wa mkuu wa elimu huko Strasbourg. Bibi huyu hakuwa wa kukaa jikoni akingoja. Usiku alikuwa akiandika yale mumewe aliyokuwa akimsomea, akawa kama karani wake na mwenzake wa kazi. Walijaliwa watoto watano, lakini watatu walikufa wangali wadogo, wawili kati yao kwa homa ya matumbo. Homa hiyo hata sisi tunaijua vizuri, hasa mvua zikinyesha na visima kuchafuka.

Kazi zake za miaka iliyofuata ni nyingi mno, nikizieleza zote mhariri atanikata. Kwa ufupi alionyesha kwamba pombe huchacha na maziwa huchacha kwa sababu ya viumbe vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Zamani wataalamu waliamini kwamba vijidudu hivyo huzuka vyenyewe tu ndani ya kitu kinachooza. Pasteur alichukua chupa zenye shingo ndefu iliyopindwa kama shingo ya bata maji, akatia mchuzi ndani akauchemsha. Hewa iliweza kuingia, lakini vumbi lilinaswa kwenye ule mpindo. Mchuzi ulikaa bila kuharibika. Alipoivunja ile shingo, ukaharibika. Basi vijidudu vilitoka nje! Kutokana na hayo alifundisha watu kuupasha mvinyo moto kiasi ili usiharibike, na njia hiyo baadaye ikatumika kwa maziwa. Ndilo lile neno la kwenye pakiti.

Mwaka 1868, akiwa na umri wa miaka 45, alipatwa na kiharusi, upande wake wa kushoto ukapooza. Wengi walidhani amekwisha. Tangu siku hiyo alitembea akiburura mguu, na mkono wake wa kushoto haukupata nguvu tena. Kumbe kazi zake zilizo kubwa zaidi zilikuwa bado mbele.

Hebu sasa tuingie kwenye wanyama. Karibu na mwaka 1880 alikuwa akichunguza kipindupindu cha kuku. Kuku waliodungwa vijidudu vilivyokaa muda mrefu hewani waliugua kidogo tu wakapona. Walipodungwa tena vijidudu vipya vikali, hawakufa. Wenzao ambao hawakudungwa mwanzo wakafa. Pasteur akang'amua kwamba ugonjwa ukidhoofishwa unaufundisha mwili kujikinga na ugonjwa wenyewe. Miaka mingi kabla yake Mwingereza Edward Jenner alikuwa amefanya hivyo kwa ndui, akitumia ndui ya ng'ombe. Tofauti ni kwamba Pasteur alionyesha kuwa kinga yaweza kutengenezwa na mtu, bila kungoja bahati.

Mwaka 1881, mahali paitwapo Pouilly-le-Fort, alifanya jaribio la kimeta mbele ya watu. Kulikuwa na kondoo na mbuzi 50, pamoja na ng'ombe kadhaa. Nusu ya kondoo na mbuzi hao wakachanjwa, nusu wakaachwa, kisha wote wakadungwa kimeta kikali. Tarehe 2 Juni watu walipofika kutazama, waliochanjwa walikuwa wamesimama, na wale wengine wengi wao wamelala maiti na waliobaki wakikata roho. Nadhani mfugaji yeyote wa Ganze au Magarini angeliona jambo lile asingehitaji kuelezwa zaidi.

Halafu kikaja kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu ni wa ajabu. Hukaa kwenye mate ya mnyama mgonjwa, huingia mwilini kwa meno yake, halafu husafiri polepole kwa njia ya mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo. Safari hiyo yaweza kuchukua wiki chache, mara nyingi miezi miwili au mitatu, wakati mwingine hata mwaka. Muda wote huo aliyeumwa anakula, anacheza, anakwenda shule. Ukishafika ubongoni, mtu huyaogopa hata maji, na hapo karibu hakuna aponaye. Pasteur aliitazama ile safari ndefu akaona humo ndimo mwenye nafasi. Ikiwa ugonjwa unakwenda kwa mguu, labda kinga yaweza kuwahi kufika.

Taabu yake ya kwanza ilikuwa kwamba kijidudu chenyewe hakukiona. Ni virusi, navyo ni vidogo mno, darubini za siku zile hazikuweza kuvionyesha. Kwa hiyo alipambana na adui asiyemwona hata kivuli. Yeye na msaidizi wake Emile Roux waliupitisha ugonjwa kutoka sungura mmoja hadi mwingine, kisha wakachukua uti wa mgongo wa sungura aliyekufa wakauning'iniza ndani ya chupa yenye hewa kavu. Kadiri ulivyokauka ndivyo sumu yake ilivyopungua, hata baada ya siku 14 ikawa haidhuru. Mbwa waliodungwa kwanza ule mkavu kabisa, kesho yake ulio mkavu kidogo, hivyo hivyo mpaka ule mbichi, wakaumwa na mbwa wenye kichaa wasipate neno.

Yasemekana Pasteur hakupenda kuona mbwa wakitobolewa kichwa kwa majaribio haya, hata kama walilazwa kwa dawa ya usingizi. Roux alimfanyia mbwa mmoja siku ambayo bwana mkubwa hakuwepo. Kesho yake mbwa akaletwa akiwa mchangamfu, akizungukazunguka chumbani na kunusa chini ya meza, na Pasteur akampapasa. Sijui nisemeje hapa. Mbwa wengi na sungura wengi walikufa ili chanjo ipatikane. Mimi ninaye mbwa, na nilipokuwa nikiisoma habari hii alikuwa amejilaza miguuni pangu.

Tarehe 6 Julai 1885 akaletwa mtoto wa miaka tisa aitwaye Joseph Meister, kutoka Alsace, pamoja na mama yake. Siku mbili nyuma alikuwa ameumwa na mbwa mahali 14. Pasteur hakuwa daktari wa watu, na kisheria hakuruhusiwa kumdunga mtu. Aliwaita madaktari Vulpian na Grancher, wakamtazama mtoto wakaona kwamba akiachwa atakufa. Grancher akashika sindano. Mtoto alidungwa mara 13 kwa siku kumi hivi, na ile ya mwisho ilikuwa na sumu kali iwezayo kumwua sungura. Pasteur hakupata usingizi siku hizo. Joseph akapona. Alipokuwa mtu mzima alipewa kazi ya bawabu katika taasisi ya Pasteur huko Paris, akaifanya hadi alipokufa mwaka 1940.

Wa pili ndiye ninayempenda mimi. Jina lake Jean-Baptiste Jupille, mchungaji wa miaka 15, yaani amenikosa kwa mwaka mmoja tu. Oktoba 1885 alikuwa machungani na watoto wadogo, mara mbwa mwenye kichaa akawajia. Wadogo wakakimbia. Jupille hakukimbia, alibaki kumzuia. Mbwa akamkamata mkono wa kushoto, naye akamwangusha chini, akayafungua yale meno kwa mkono wa kulia, akamfunga mdomo kwa ugwe wa mjeledi wake, akamwua kwa kumpiga na kiatu chake cha mti. Alifika Paris siku sita baadaye, akachanjwa, akapona. Nje ya taasisi hiyo kuna sanamu yake akipigana na mbwa yule. Nilijiuliza kama mimi ningesimama. Siku ile mdogo wangu aling'atwa nilikuwa mbele yake hatua chache nimebeba dumu, na ukweli ni kwamba nililitupa dumu nikakimbia, kisha ndipo nikarudi.

Si wote waliopona. Novemba mwaka huo huo aliletwa msichana wa miaka kumi, Louise Pelletier, aliyeumwa kichwani siku 37 zilizopita. Pasteur alijua kwamba amechelewa, tena kichwani ni karibu na ubongo, lakini wazazi walimlilia akashindwa kuwakatalia. Msichana alikufa, na Pasteur mwenyewe alikuwapo kando ya kitanda chake. Machi 1886 wakafika Warusi 19 kutoka Smolensk walioumwa na mbwa mwitu. Watatu walikufa, 16 wakarudi kwao.

Lazima niseme pia kwamba Pasteur hakuwa malaika. Alikuwa mkali, hakupenda kupingwa, na mambo mengi aliyaficha. Ile chanjo ya kimeta ya mwaka 1881 ilitengenezwa kwa njia tofauti na ile watu walivyodhani, njia iliyo karibu na ya mpinzani wake Toussaint, naye hakusema. Madaftari yake aliwakataza jamaa zake wasiyaonyeshe. Mwaka 1995 mwanahistoria Gerald Geison alitoa kitabu juu ya madaftari hayo, akaonyesha kwamba Pasteur alipomdunga Joseph Meister alikuwa hajaijaribu njia ile kwa mbwa kiasi alichowafanya watu waamini. Katika mjadala wa chama wengine walisema basi ni mwongo, tumtoe jaridani. Mimi naona alikosea kuficha, na pia naona Joseph angekufa. Mambo haya mawili yote ninayashika pamoja, hata kama mwalimu aliniambia nichague upande.

Watu wa nchi nyingi walichanga pesa, na taasisi yake ikafunguliwa Novemba 1888. Siku ile alikuwa dhaifu hata hotuba yake akasomewa na mwanawe. Alifariki tarehe 28 Septemba 1895, akazikwa ndani ya taasisi hiyo hiyo.

Jambo moja lililomshinda ni mbwa wenyewe. Alitamani mbwa wote wachanjwe ili ugonjwa ukatwe kwenye shina, lakini Ufaransa ilikuwa na mbwa zaidi ya milioni mbili na chanjo yake ilikuwa ya sindano nyingi. Haikuwezekana. Ni baadaye, mwaka 1921, Wajapani Umeno na Doi walipoeleza chanjo ya kumchoma mbwa mara moja tu.

Kwetu Kenya kichaa cha mbwa kilithibitishwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa mmoja karibu na Nairobi. Hakijaondoka. Serikali iliweka mpango wa kukimaliza, ulioanza mwaka 2014 na kulenga mwaka 2030. Wataalamu wanasema mbwa 70 kati ya kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa pa kupitia ukafa wenyewe. Na si ndoto, maana ng'ambo ya maji yetu haya haya, kisiwani Pemba, mbwa walichanjwa kijiji kwa kijiji, na baada ya Oktoba 2018 watafiti waliokuwa wakifuatilia hawakuona kisa tena.

Hapa kwetu pwani kuna mambo mawili. Mashambani tunafuga mbwa wa kulinda mahindi dhidi ya nyani na tumbili, lakini tunamfuga kwa kumwachia. Anajitafutia chakula, anajitafutia maji, chanjo hatujui. Mjini Malindi wenzetu wengi hawafugi mbwa kwa sababu za dini, ila paka wamejaa kila kichochoro na pale wavuvi wanapoparua samaki. Rafiki yangu wa Shela ana paka watano, akadhani habari hii haimhusu. Kumbe paka naye akiumwa na mbwa mgonjwa hupata kichaa, na mkwaruzo au jino lake laweza kumpa mtu. Mtoto wa mbwa au wa paka huchanjwa afikapo miezi mitatu, kisha hurudiwa kila mwaka. Pia apewe dawa ya minyoo, maana minyoo ya mbwa huingia hata kwa watoto wanaocheza mchangani. Atolewe kupe na viroboto, na kama hutaki azae ovyo, daktari wa mifugo anaweza kumfunga uzazi. Na mtu aking'atwa, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, kisha aende kudungwa siku hiyo hiyo, bila kungoja kuona kama mbwa atakufa. Pilipili abaki nayo jikoni.

Kila mwaka tarehe aliyofariki Pasteur, 28 Septemba, huadhimishwa kuwa siku ya kichaa cha mbwa duniani. Mwaka jana wakati wa siku hiyo afisa wa mifugo alikuja kuchanja kijijini kwetu, akaketi chini ya mwembe na kisanduku chake cha barafu. Nilimpeleka mbwa wetu, jina lake Simba, nimemfunga kwa kamba ya katani. Mbele yetu kulikuwa na mbwa kama kumi, wengine wakipigana, na mzee mmoja aliyemleta paka wake ndani ya kikapu cha kuku. Mdogo wangu ndiye aliyemshika Simba kichwa. Simba alilia kidogo tu, kadi yake ikaandikwa, mama akaiweka ndani ya Biblia pamoja na vyeti vyetu vya kuzaliwa.